Mkazo baki ndani ya chuma: mwongozo wa kuutafiti pamoja na kiwanda, kuanzia jalala la vipuri mpaka ripoti

Siku moja kiwandani nilimkuta mzee mmoja mkerezaji kakasirika kweli kweli. Alikuwa amechukua fimbo ya chuma ya milimita 40, ile iliyovutwa baridi inang'aa ambayo madukani wanaiita braiti, kaipima kwa daili geji imenyooka safi, kaifunga kwenye mashine ya milingi kachonga mfereji wa kii (kile kipande kinachofunga gia isizunguke peke yake juu ya shafti) upande mmoja, urefu kama sentimita 60 hivi. Alipolegeza jiriwa na kuiviringisha kwenye meza ya kupimia, mwanga ukapita chini yake. Imepinda. Supavaiza anasema mzee umeibana vibaya, mzee anasema kazi hii nimeianza hujazaliwa, na mimi nimesimama pale na daftari langu naangalia mfereji uko upande wa nje wa upinde, nikajua hapo hakuna aliyekosea. Nguvu iliyoipinda ile fimbo ilikuja nayo tangu kiwanda kilichoivuta.

Nguvu hiyo ndo tunaita mkazo baki, na huu mwongozo nauandika kwa ajili ya wanafunzi wa masters, walimu vijana wa vyuo vya ufundi na mainjinia wa viwandani wanaotaka kuitafiti kwenye vipande halisi, vile vinavyozunguka na kubeba mzigo, sio vile vya maabara tu. Nimeona tafiti nyingi za hivi zikifa, na karibu zote hazikufa kwenye kupima. Zilikufa kabla, kwasababu mtafiti hakujua kipande chake kimepitia nini. Kwahiyo msishangae nikikaa sana kwenye mambo ya kuongea na mafundi kuliko kwenye mashine.

Tuelewane kwanza tunaongelea nini

Turudi kwenye ile fimbo. Ilipovutwa kupita kwenye tundu dogo kuliko yenyewe, ngozi ya nje na moyo wa ndani havikunyooka sawa, ikatoka ngozi inavutwa na moyo unagandamizwa, na viwili hivyo vimelingana ndo maana fimbo imelala mezani imetulia kabisa. Ukichonga mfereji umeondoa ngozi ya upande mmoja, mizani inavunjika, upande wa pili unaendelea kuvuta, fimbo inapinda. Shika hapo kanuni moja itakayokusaidia mpaka mwisho: mkazo baki siku zote unajilinganisha wenyewe, penye mvutano lazima kuna mahali pengine pana mgandamizo. Ukikata kipande ukapima sehemu nzima ukapata mvutano kila mahali, rudi kaangalie vipimo vyako.

Kwenye kuchomelea kinachofanya kazi ni joto. Chuma kinatanuka kama sehemu 12 kwa milioni kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi, na ukakamavu wake ni karibu GPa 210 (GPa moja ni MPa 1,000, na MPa moja ni nguvu ya nyutoni moja kwenye kila milimita ya mraba). Zidisha hizo mbili unapata kama MPa 2.5 kwa kila nyuzi. Maana yake kipande kilichobanwa kisiweze kusinyaa kikipoa nyuzi 100 tu tayari kina mvutano wa MPa 250, na hapo ndo chuma laini cha kawaida kinapoanza kunyooka moja kwa moja bila kurudi. Sasa weld inaanza kupoa kutoka juu ya nyuzi 1,400, kwahiyo usishangae kusikia kwamba karibu na weld ambayo haijapashwa moto tena mkazo mara nyingi umefika kwenye kikomo chenyewe cha chuma, yaani pale kinapoanza kunyooka bila kurudi. MPa 250 ni kama kuning'iniza nusu mfuko wa saruji, kilo 25, kwenye kila milimita moja ya mraba, na mashine bado haijawashwa.

Na sio kila mkazo baki ni adui. Springi za magari hupigwa na vigololi vidogo vya chuma kwa kasi makusudi ili ngozi ibaki imegandamizwa, kwasababu ufa unapenda kufunguka na ngozi iliyogandamizwa inaufinya usifunguke. Unachotafuta ni uko wapi, unavuta au unagandamiza, na unaenda kina gani.

Hatua ya 1: anzia kwenye jalala la vipuri

Usiende kiwandani na mada. Nenda ukaombe kuonyeshwa pale wanapotupa vitu vilivyovunjika, kila kiwanda kina sehemu hiyo, nyuma ya karakana, kuna shafti, gia, boliti, vipande vya kuta za pampu. Kaa hapo nusu siku. Angalia imevunjika wapi: kwenye kona, kwenye ukingo wa weld, kwenye mfereji wa kii, chini ya beringi? Uliza ilikaa muda gani kabla haijavunjika, na iliyotangulia ilikaa muda gani. Kipande kinachovunjika palepale kila baada ya msimu kina thamani kubwa kwako kuliko kilichovunjika mara moja kwa kishindo, kwasababu kuna jambo linajirudia na jambo linalojirudia linaweza kupimwa.

Kesi ninayoijua zaidi, na nitaitumia humu mpaka mwisho, ni shafti zinazojazwa kwa kuchomelea. Huku kwetu Afrika Mashariki hii kazi iko kila kona: shafti imelika pale beringi inapokaa, mpya ni ghali au inachelewa kuja, basi fundi anaijaza kwa weld inanenepa, inarudi kwenye mashine ya kukereza, inarudishwa kazini. Nyingi ni chuma cha EN8, kina kaboni kama asilimia 0.4, na hicho sio chuma cha kuchomelea kirahisi. Zingine zinadumu miaka, zingine zinakatika baada ya miezi, na kiwanda kinataka kujua tofauti ni nini.

Geuza hilo liwe swali moja linaloweza kujibiwa. "Kuchunguza mkazo baki kwenye shafti" sio swali. "Je, kufukia shafti kwenye mchanga mkavu ipoe taratibu baada ya kujazwa kunapunguza mvutano kwenye ukingo wa weld kwa kiasi gani ukilinganisha na kuiacha kwenye upepo?" hilo ni swali, na meneja uzalishaji analielewa papo hapo.

Hapa niseme kitu kimoja ambacho kimewapoteza watu wakubwa kuliko sisi. Tarehe 16 Januari 1943 meli ya mafuta SS Schenectady ilikatika karibu vipande viwili ikiwa imefungwa bandarini Portland, Oregon, maji yametulia, hakuna dhoruba. Ilikuwa meli ya kuchomelewa na watu wengi haraka wakasema ni mkazo wa weld. Ulikuwepo kweli, lakini Constance Tipper wa Cambridge, akichunguza kuvunjika kwa meli za vita za aina hiyo, alionyesha kwamba chuma chenyewe kilikuwa kinageuka kuwa cha kukatika kama kioo kikishuka chini ya joto fulani, ukiongeza kona kali zinazokusanya mkazo na kasoro za weld, ndo meli inapasuka. Mkazo baki mara nyingi haui peke yake. Kwahiyo swali lako liache nafasi ya kupima na mengine, ugumu wa chuma, nyufa ndogo, umbo la kona, la sivyo utarudi kiwandani na jibu la robo.

Hatua ya 2: wekeni kwenye maandishi mapema, wakati bado mnacheka pamoja

Mkataba wenyewe unaweza kuwa kurasa mbili tatu. Muhimu ni yafuatayo yawemo. Data ni ya nani. Nini ni siri na nini sio siri, kwasababu kiwanda kikiandika "kila kitu ni siri" mwanafunzi wako hatoweza kuwasilisha tasnifu, kwahiyo andikeni wazi kwamba tasnifu itawasilishwa na majina na vipimo vya bidhaa vitafichwa. Kuchapisha: kiwanda kipewe muda maalum wa kusoma kabla, siku 30 zinatosha, zikipita kimya ni ruhusa. Vipande vingapi watatoa vya kukatwa na havitarudi, hili watu wanalisahau alafu siku ya kukata meneja anasema shafti hiyo naitaka. Nani anasafirisha. Nani wa kumpigia simu, na akihama nani anachukua nafasi yake.

Alafu jambo gumu ambalo lazima lisemwe: majibu yakionyesha kosa ni la kiwanda chenyewe itakuwaje? Na fundi aliyefanya kazi hiyo atalindwaje? Mimi siku hizi naomba sentensi moja iandikwe kwamba taarifa watakazotoa mafundi kwa ajili ya utafiti hazitatumika kuwaadhibu. Utaona umuhimu wake hatua inayofuata. Vibali vya serikali navyo msivisahau, Kenya ni leseni ya NACOSTI, Tanzania ulizeni chuo chenu kuhusu COSTECH, zote ni tume za serikali za sayansi na teknolojia, anzeni mapema maana karatasi zina mwendo wake.

Hatua ya 3: andika maisha yote ya kipande

Hii ndo hatua yenyewe. Kama utaruka zingine hii usiruke.

Kila kitu kilichopata kukigusa kile chuma kiliacha alama ndani yake. Kukatwa kwa gesi au kwa msumeno. Kunyooshwa kwa presi, hili hasa, kwasababu shafti iliyopinda ikanyooshwa baridi inabeba mkazo mpya kabisa na haliandikwi popote. Kukerezwa kwa kisu butu. Kusagwa kwa grainda mpaka chuma kikawa cha bluu. Kuzimishwa kwenye mafuta. Kuchomelewa kwa mfululizo gani, kuanzia upande upi, rodi gani, zilikaushwa au zilitoka kwenye boksi lililofunguliwa wiki mbili zilizopita. Ilipoa wapi. Kwahiyo tengeneza fomu ya ukurasa mmoja, juu namba ya kipande, cheti cha chuma kama kipo na namba ya mtapo (ule myeyusho uliotoa chuma hicho), alafu mistari ya kila hatua: nani, lini, mashine gani, joto gani, na lilipimwa na nini. Hiyo "lilipimwa na nini" isikose. Kuna tofauti kubwa kati ya nyuzi 200 za chaki ya joto iliyoyeyuka na nyuzi 200 za "niliweka mkono karibu".

Sasa sikia. Kuna shafti nne tulizipima, karatasi za kiwanda zinasema zote zilipashwa mpaka nyuzi 200 kabla ya kujazwa, fundi mmoja, rodi aina moja. Tatu zikatoa majibu yanayofanana, ya nne ilikuwa na ugumu mkubwa sana pembeni ya weld na nyufa ndogo ndogo chini yake. Nikahangaika na hesabu wiki mbili nikidhani ni kifaa changu. Mwishowe nikaenda zamu ya usiku nikakaa na yule fundi, nikamnunulia chai, tukaongea habari za watoto na za rodi, na nikamwonyesha ile sentensi kwenye mkataba. Akanyamaza kidogo alafu akasema, "Injinia, hiyo moja wiki ile gesi ilikuwa imeisha. Na asubuhi walikuwa wanaitaka. Nikachomelea hivyohivyo." Hakuna kifaa duniani kingeniambia hivyo. Na nilichojifunza siku ile ni kwamba yule fundi wa weld alikuwa anajua jibu la utafiti wangu tangu siku ya kwanza, ila hakuna aliyemuuliza kwa namna ambayo angeweza kujibu.

Kwahiyo nenda zamu zote, sio ya mchana peke yake. Mwite mzee kama ni mzee, msalimie kabla ya kumuuliza, na ukiweza simama naye wakati anafanya kazi ujaze fomu wewe mwenyewe. Piga picha kila kipande kabla hakijaguswa, na namba uigonge kwa chapa kwenye ncha mbali na sehemu utakayopima, usiandike kwa maka peni maana inafutika, na usigonge karibu na weld maana kugonga nako kunaacha mkazo.

Hatua ya 4: tabiri kabla hujapima

Fupi tu. Kaa na karatasi, tumia zile MPa 2.5 kwa nyuzi, chora unadhani mvutano uko wapi na mgandamizo uko wapi, una kina gani, andika tarehe, msimamizi wako asaini. Ukishapima utajua kama unaelewa kipande chako au unapokea namba tu. Na kina ulichokitabiri ndicho kitakuchagulia njia ya kupima.

Hatua ya 5: chagua njia kwa kina, sio kwa sifa ya mashine

Anza na za bei rahisi, nasema hivi kwa moyo wote. Kata bomba au ringi kwa msumeno kwa urefu, baada ya kugonga alama mbili na kupima umbali kati yake kwa vania. Ikifunguka, ngozi ya nje ilikuwa inavutwa. Ikijifunga, ilikuwa imegandamizwa. Ni dakika kumi, na meneja akiona kwa macho yake chuma kinajifungua chenyewe anaelewa kuliko slaidi ishirini.

Eksirei zinasoma umbali kati ya tabaka za atomi, zinaitumia chuma kama rula yake yenyewe, hazitoboi kitu. Ila zinaingia kina kidogo sana, kwenye chuma ni kama elfu tano za milimita, yaani 0.005, nywele ya kichwani ni nene mara nyingi kuliko hapo. Ukiwa umepitisha grainda juu, unapima mkazo wa grainda sio wa weld. Kwenda ndani lazima uondoe tabaka kwa umeme na tindikali, sio kwa msasa, maana msasa nao unaweka mkazo wake.

Kutoboa kitundu kidogo ndo njia ninayowashauri wengi wetu, inafika kina cha milimita 1, vifaa vinabebeka, na kuna kiwango cha kufuata, ASTM E837, cha shirika la viwango la ASTM. Wazo ni la Josef Mathar, Mjerumani, tangu miaka ya 1930: toboa tundu, chuma cha pembeni kinalegea kidogo, pima kimelegea kiasi gani.

Ukitaka ramani ya ndani yote na una kipande cha kuua, kuna njia ya kukata ambayo Mike Prime wa maabara ya Los Alamos, Marekani, aliitoa mwaka 2001, unakata kipande vipande viwili kwa mashine ya waya wenye umeme, nyuso zilizokatwa zinajivimbisha kwa mikroni (elfu za milimita) makumi kadhaa, unazipima hizo, kompyuta inarudisha mahesabu nyuma. Mashine za waya wengine wanaotengeneza moldi za plastiki wanazo, ulizia.

Na kuna nyutroni, zinapenya sentimita kadhaa za chuma. Kwa sisi Waafrika iliyo karibu ni Pelindaba, Afrika Kusini, kwenye riakta ya SAFARI-1 kuna kifaa kinaitwa MPISI kilichotengenezwa kwa kazi hii hii ya kupima ndani ya chuma. Ulaya kuna ENGIN-X kwenye kituo cha ISIS Uingereza na SALSA kule Grenoble, Ufaransa. Kwenye vituo kama ISIS unaandika ombi, wataalamu wanalipima, ukipita muda wa kifaa hulipii lakini matokeo lazima yachapishwe, anayetaka siri analipa. Unaona sasa kwanini hatua ya 2 inabidi ifanyike kabla.

Hatua ya 6: kutoboa, polepole

Hapa nitaenda taratibu kwasababu hapa ndo vidole vinaamua.

Unachohitaji ni rozeti, kibandiko kidogo chembamba kuliko karatasi chenye streini geji tatu (visomaji vya streini, yaani chuma kimenyooka au kusinyaa kwa sehemu ngapi za urefu wake) zinazozunguka alama ya katikati, kifaa cha kusomea, na dreli ya upepo inayozunguka kwa kasi kubwa sana, mamia ya maelfu ya mizunguko kwa dakika. Dreli ya kawaida usiitumie hata kama umekwama, inasukuma chuma na kuweka mkazo mpya palepale unapotaka kusoma wa zamani.

Chagua mahali. Mbali na kona na mbali na tundu lingine. Kwenye shafti nyembamba ule mviringo unaharibu hesabu za kawaida, zilizotengenezwa kwa uso bapa, kwahiyo tumia sehemu yenye kipenyo kikubwa. Safisha kwa asetoni, pitisha msasa laini kwa mkono, kidogo, bila kukandamiza, kazi yake ni kutoa kutu na kuacha mikwaruzo midogo gundi ishike. Futa tena kwa kitambaa kisafi mpaka kitambaa kitoke cheupe, na futa kwenda upande mmoja tu, ukifuta kwenda na kurudi unarudisha uchafu. Rozeti ibebe kwa utepe wa plastiki, weka tone moja dogo la gundi ya sianoakrilati, ndugu yake supaglu, bandika, kandamiza kwa kidole gumba dakika moja nzima bila kuinua. Hapa pwani hewa ina unyevu gundi inakauka haraka kuliko unavyodhani, jaribu kwanza kwenye chuma chakavu.

Chomea nyaya kwa lehemu, alafu ngoja. Tazama namba zimetulia? Nilishafanya kazi hii kwenye karakana ya mabati saa saba mchana, namba zinatembea zenyewe bila mimi kugusa kitu, jua likipita juu ya bati streini inapanda, wingu likija inashuka. Tangu hapo naanza saa kumi na mbili asubuhi kabla bati halijapata moto, na nabandika rozeti ya pili kwenye kipande kidogo cha chuma hichohicho ambacho hakitobolewi, nakiweka pembeni. Ikitembea ile ya pembeni, basi na ile ya kwanza imetembea hivyohivyo, naitoa kwenye hesabu.

Lenga katikati kwa hadubini ya dreli. Kosa la kituo lisizidi mia mbili za milimita, yaani 0.02, na hili sio la kubembeleza. Shusha kisu taratibu mpaka kipite plastiki ya rozeti na kiguse chuma, hapo ndo sifuri yako. Alafu hatua za milimita 0.05, simama, ngoja zitulie, andika geji zote tatu, shuka tena 0.05, mpaka milimita 1. Hatua 20. Ndo, inachosha, na usimwachie mtu mwingine simu ikilia katikati. Ukimaliza pima kipenyo cha tundu kwa pande mbili, kitakuwa kama milimita 2, na andika kipenyo halisi ulichokipata sio kilichoandikwa kwenye pakiti ya kisu.

Hatua ya 7: namba usiziamini mpaka zikujibu maswali

Kwenye chuma kilichovutwa upande mmoja tu, streini 100 kwa milioni ni MPa 21. Lakini tundu haliachii mkazo wote, na geji iko pembeni ya tundu, kwahiyo unachosoma ni kama robo tu mpaka theluthi, ndo maana kuna vizidisho maalum na usipige hesabu ya moja kwa moja. Na ndo maana kosa dogo linakuwa kubwa: geji ikikosea 10 kwa milioni, ambayo ni jua kupita tu kwenye bati, wewe umekosea MPa 7 au 8.

Baada ya hapo jiulize. Umepata zaidi ya asilimia 80 ya kikomo cha chuma? Basi chuma kilianza kujinyoosha pembeni ya tundu na namba imezidishwa, usiiandike kama ilivyo, sema imepita eneo la kuaminika. Ukitoboa sehemu tatu zinazopaswa kufanana zinafanana? Kipande ambacho umekipasha kwenye tanuru kutoa mkazo wote kinasoma karibu na sifuri? Hicho cha mwisho kifanye mwanzoni mwa kila utafiti, kama "sifuri" yako inasoma MPa 60 huna utafiti bado. Na linganisha na utabiri wa hatua ya 4 na fomu ya hatua ya 3, namba isiyolingana na vyote viwili inakupeleka tena kwa fundi, sio kwenye kompyuta.

Hatua ya 8: rudisha majibu yanayoweza kufanyika Jumatatu

Ripoti ya chuo iandike, lakini ya kiwanda iwe ukurasa mmoja na picha moja ya shafti iliyopakwa rangi, nyekundu panapovuta, bluu panapogandamizwa. Iwasilishe karakanani wakati wa kubadilishana zamu, mafundi wakiwepo, na waliokusaidia watajwe kwa shukrani kama wamekubali.

Sema mambo wanayoyaweza. Kwenye shafti zetu: pasha kabla, na waambie ukweli kwanini, kupasha kunafanya chuma kisiwe kigumu na haidrojeni ipate nafasi ya kutoka, lakini ukipasha sehemu ndogo tu mkazo wenyewe haupungui sana, mafundi wengi wanadhani unaisha. Kuutoa mkazo kweli ni tanuru, kwa chuma cha kaboni karibu nyuzi 600, saa moja kwa kila milimita 25 za unene, ipande taratibu na ishuke taratibu ndani ya tanuru, na kama shafti ilikuwa imezimishwa na kurudishwa (kupashwa tena ipunguze ugumu) basi usipite joto ililorudishiwa, utailainisha. Jaza kwa kuzunguka na kubadilisha pande, usimalize upande mmoja kwanza. Weld isiishie kwenye kona kali ya bega la shafti, isogeze. Na kwa yule mzee wa milingi: toa mkazo kwanza au chonga mfereji wa juu juu, fungua jiriwa iache ipinde inavyotaka, alafu funga tena umalizie.

Wakikubali kubadilisha kitu kimoja, badilisheni kimoja tu kwa wakati, alafu upime tena vipande vitatu vya njia mpya na vitatu vya zamani kwa mikono ileile na saa ileile ya asubuhi. Ratibu hilo tangu kwenye bajeti ya kwanza, nauli ya safari ya pili ndo kitu cha kwanza watu wanachokata.

Vipande vilivyobaki usitupe. Vipake grisi, vifunge kwenye mfuko pamoja na nakala ya fomu yake, weka kwenye rafu yenye kufuli, nusu chuoni nusu kiwandani. Ile shafti ya nne, ya usiku gesi ilipoisha, bado ninayo, na kila mwanafunzi mpya anayeanza nampa hiyo kwanza aitoboe bila kumwambia ilitoka wapi, akishapata namba zake namtuma zamu ya usiku akaonane na mzee.